Hermann von Helmholtz: Aliyelifungua Jicho Hai bila Kisu

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Walikuwa na maana kuwa jicho huona lolote lililo mbele yake, liwe halali yake au lisiwe. Hata hivyo, kwa karne nyingi jicho hilohilo lilikuwa na pazia lake lenyewe. Lilitazama kila kitu, nalo halikuweza kutazamwa ndani. Yeyote aliyemwangalia mwenzake machoni alikutana na mboni, doa jeusi ti, na nyuma ya doa hilo hapakuonekana kitu. Tabibu aliyetaka kujua kilichompofusha mgonjwa wake alilazimika kukisia, au angoje mgonjwa afe ndipo alipasue jicho lake. Maiti nayo ilimweleza machache, kwa kuwa damu ilikuwa imekwisha kusimama mishipani.

Aliyeliondoa pazia hilo ni Mjerumani Hermann von Helmholtz. Hakutumia kisu wala dawa. Alitumia taa, vipande vya kioo, lenzi, karatasi ngumu na gundi. Wengi humkumbuka kama mwanafizikia wa sheria ya nishati, na wengine kama bingwa wa elimu ya sauti. Lakini wagonjwa wa macho kote duniani wanamkumbuka bila kumjua, kwa sababu kila daktari anayechungulia jicho leo anapitia mlango alioufungua yeye.

Mtoto wa Mwalimu

Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 mjini Potsdam, karibu na Berlin, katika ufalme wa Prusia. Baba yake, Ferdinand, alikuwa mwalimu wa shule ya upili, mpenzi wa lugha za kale na falsafa. Mama yake aliitwa Caroline Penne. Mtoto alikuwa dhaifu wa afya na miaka yake ya kwanza aliipitisha kitandani kwa vipindi virefu, akichezea vipande vya mbao. Kwa vipande hivyo alijifundisha maumbo na vipimo, hata alipoingia shule na kuanza somo la jiometria walimu walistaajabu kuona kwamba mengi ameshayajua.

Katika mambo mengine hakuwa hodari hivyo. Orodha za msamiati na kanuni za sarufi zisizofuata utaratibu zilimponyoka. Kumbukumbu yake ilishika barabara yale tu yaliyounganishwa na sababu. Darasa liliposoma washairi wa Kirumi, yeye mara nyingine alikuwa chini ya dawati akikokotoa njia za miale ya mwanga ndani ya darubini.

Alitaka kusoma fizikia, lakini mshahara wa mwalimu mwenye watoto kadhaa haukutosha kumlipia karo ya somo ambalo, wakati huo, halikumhakikishia mtu riziki. Mkosa titi la mama hata la mbwa huamwa. Serikali ya Prusia ilikuwa na chuo cha tiba mjini Berlin kilichowasomesha vijana kwa gharama ya dola, kwa sharti kwamba baadaye walitumikie jeshi kama madaktari kwa miaka minane. Mwaka wa 1838, akiwa na umri wa miaka 17, Helmholtz alijiunga na chuo hicho. Hivyo kijana aliyependa nyota na lenzi akajikuta mbele ya maiti na wagonjwa. Kama baba yake angekuwa tajiri, huenda jicho lingengoja miaka mingine mingi.

Daktari wa Kambini

Mjini Berlin alifundishwa na Johannes Müller, mwanafiziolojia mkuu wa zama zake. Müller, kama wasomi wengi wa wakati huo, aliamini kwamba viumbe hai huendeshwa na kani maalumu ya uhai isiyofuata kanuni zinazotawala mawe, maji na mashine. Wanafunzi wake walimheshimu sana, lakini katika hilo hawakumfuata. Emil du Bois-Reymond, Ernst Brücke na Helmholtz walishikilia kwamba mwili wa mwanadamu unatawaliwa na sheria zilezile za fizikia na kemia, na kwa hiyo unaweza kupimwa. Imani hiyo ndiyo uzi unaoziunganisha kazi zote za Helmholtz.

Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1842, na mwaka uliofuata akapelekwa kuwa daktari wa kikosi cha jeshi huko Potsdam. Wanajeshi walipopumzika yeye aliingia katika maabara ndogo aliyojiundia kambini, akapima joto linalotoka katika misuli ya chura. Swali lake lilikuwa wazi: je, joto la mwili latokana na chakula peke yake, au ipo kani nyingine ya siri inayoliongeza? Majibu aliyoyapata yalimfikisha kwenye kanuni pana kuliko chura na misuli. Mwezi wa Julai 1847, mbele ya Chama cha Fizikia cha Berlin, alisoma hoja yake kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, bali hubadilika tu kutoka sura moja hadi nyingine. Jarida kuu la fizikia la wakati huo lilikataa kuichapisha, kwa hiyo aliitoa kama kijitabu. Mgala muue na haki yake mpe: Robert Mayer, daktari mwingine wa Kijerumani, alikuwa ameitangulia kanuni hiyo mwaka wa 1842, na mwaka wa 1854 Helmholtz alimtaja hadharani katika mhadhara.

Mwaka wa 1848, kwa msaada wa Alexander von Humboldt, aliachiliwa kutoka jeshini kabla ya miaka yake kutimia. Mwaka wa 1849 akateuliwa kufundisha fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Mwaka huohuo alimwoa Olga von Velten.

Huko ndiko alikopima kasi ya ujumbe unaopita katika neva ya chura. Müller alikuwa amefundisha kwamba kasi hiyo ni kubwa mno, kamwe haitapimika. Helmholtz aliipata kuwa baina ya mita 25 na 40 hivi kwa sekunde, takriban sehemu moja ya kumi tu ya kasi ya sauti hewani. Mwili ulikuwa umeanza kujibu maswali ukiwa hai.

Fumbo la Mboni Nyeusi

Mwaka wa 1850 Helmholtz alikuwa akiandaa mihadhara kwa wanafunzi wake. Alitaka kuwaeleza jambo moja ambalo rafiki yake Brücke alikuwa amelichunguza: kwa nini macho ya paka hung'aa gizani, na kwa nini, katika hali fulani, hata jicho la mtu huweza kung'aa kwa wekundu. Brücke alikuwa amefaulu kuuona mng'ao huo. Hakuwa amejiuliza swali la pili: miale inayotoka katika jicho linalong'aa inachora taswira ya kitu gani? Kwa Helmholtz, aliyezoea kufuatilia miale tangu alipokuwa chini ya dawati, swali hilo lilikuja lenyewe.

Jibu linahitaji kufuatwa hatua kwa hatua. Mwanga wa taa huingia jichoni kupitia mboni, ukakusanywa na lenzi na kuangukia retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Sehemu ndogo ya mwanga huo hurudi nje. Lakini lenzi iliyouongoza kuingia ndiyo inayouongoza kutoka, kwa hiyo mwanga hurudi kwa njia ileile hadi kwenye taa ulikotoka. Anayetaka kuuona sharti jicho lake liwe mahali penye taa. Akisimama mbele ya taa, kichwa chake kinaziba mwanga. Akisimama kando, mwanga unaorudi haumfikii. Ndiyo sababu mboni huonekana nyeusi. Weusi wake hautokani na giza la ndani. Unatokana na mahali anaposimama mtazamaji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kilichoinamishwa kilikuwa kioo. Helmholtz aliiweka taa kando ya mgonjwa na kukisimamisha kipande cha kioo kisafi kwa mshazari mbele ya jicho lake mwenyewe. Sehemu ya mwanga wa taa iliakisiwa na kioo na kuingia katika jicho la mgonjwa. Mwanga uliporudi, sehemu yake ilielekea taani, na sehemu nyingine ikapenya kioo hadi kwa mtazamaji. Ili taswira isiwe ukungu, aliongeza lenzi iliyobonyea katikati. Chombo chenyewe alikiunga kwa karatasi ngumu, gundi, vioo vyembamba vya hadubini na lenzi za miwani.

Hakufaulu siku ya kwanza. Kwa muda wa juma moja hivi alijaribu na kukosa, na lau hangekuwa na yakini kutokana na hesabu zake kwamba jambo hilo lazima liwezekane, angekata tamaa. Hatimaye akaiona: sakafu nyekundu ya jicho la mtu aliye hai, duara jeupe mahali neva ya jicho inapoingilia, na kutoka katika duara hilo mishipa ya damu ikitawanyika kama matawi ya mti. Ateri zilikuwa nyembamba na angavu, vena zilikuwa nene na za rangi iliyoiva. Mwezi wa Desemba 1850 aliwapasha habari wanachama wa Chama cha Fizikia mjini Berlin, na mwaka wa 1851 akachapisha kijitabu kilichokieleza chombo chake. Alikiita kwa Kijerumani kioo cha jicho. Ulimwengu wa tiba ulikuja kukiita ofthalmoskopu.

Inafaa kukumbukwa kwamba Mwingereza Charles Babbage, maarufu kwa mashine zake za kukokotoa, alikuwa ameunda chombo kinachofanana na hicho mwaka wa 1847. Alimwonyesha daktari mmoja wa macho, naye hakuona faida yake, na chombo kikawekwa kando. Vioo walikuwa navyo wote wawili. Tofauti ilikuwa kwamba Helmholtz alijua mwanga unapita wapi na kwa nini, na aliweza kumweleza mwingine hadi naye akaona.

Chombo Mikononi mwa Matabibu

Si wote waliokipokea kwa furaha. Daktari mmoja alidai kwamba ni hatari kuingiza mwanga mtupu katika jicho gonjwa. Mwingine alisema kwa kejeli kwamba chombo hicho kitawafaa madaktari wasioona vizuri, na kwamba yeye macho yake yalikuwa mazima.

Lakini kijana wa Berlin, Albrecht von Graefe, alikikumbatia mara moja. Kwa kioo hicho alitambua kwamba upofu ambao zamani uliwekwa katika fungu moja ulikuwa maradhi mengi yaliyo mbalimbali. Aliona jinsi shinikizo ndani ya jicho lenye glakoma linavyoyabadilisha mapigo ya ateri mahali penye neva, na mwaka wa 1857 alitangaza upasuaji uliowaokoa wagonjwa kadha wa kadha wa glakoma wasipofuke. Mwaka wa 1859 alieleza jinsi donge la damu linavyoweza kuziba ateri kuu ya retina na kumpofusha mtu ghafla. Graefe alifariki mwaka wa 1870 akiwa na umri wa miaka 42 tu, baada ya kuigeuza tiba ya macho kuwa taaluma kamili. Mwaka wa 1886 nishani iliyopewa jina lake ilitolewa kwa mara ya kwanza, na aliyetunukiwa alikuwa Helmholtz.

Upo pia ukweli uliodhihirika polepole. Retina ni mahali pa nadra mwilini ambapo mishipa midogo ya damu inaweza kutazamwa wazi bila ngozi kupasuliwa. Kwa hiyo kioo hicho hakikuwa cha wagonjwa wa macho peke yao. Shinikizo la juu la damu, maradhi ya figo na kisukari vyote huacha alama katika mishipa ile, na mara nyingine alama hizo hutangulia malalamiko ya mgonjwa.

Zaidi ya Jicho

Mwaka wa 1855 Helmholtz alihamia Bonn, sababu mojawapo ikiwa afya ya mkewe, aliyedhoofishwa na baridi ya Königsberg. Mwaka wa 1858 akaitwa Heidelberg. Olga hakupona. Alifariki mwishoni mwa Desemba 1859, akamwachia mume watoto wawili wadogo. Mtu aliyewapa matabibu uwezo wa kuona damu ikiwa mishipani alishuhudia nyumbani kwake kwamba kuona si kuponya. Mwaka wa 1861 alimwoa Anna von Mohl.

Miaka ya Heidelberg ilizaa vitabu vyake viwili vikubwa. Cha kwanza ni juzuu za fiziolojia ya kuona, zilizokamilika mwaka wa 1867, ambamo aliendeleza nadharia ya Thomas Young kwamba jicho hutambua rangi zote kwa vipokezi vya aina tatu. Cha pili, cha mwaka wa 1863, kinahusu sauti, nacho kinawagusa wanaisimu moja kwa moja. Humo alionyesha kwamba tofauti ya irabu moja na nyingine hutokana na jinsi uwazi wa kinywa unavyozikuza baadhi ya sauti zilizomo katika mlio mmoja, na aliweza kuziigiza irabu kwa uma za sauti zilizoendeshwa kwa umeme. Kila mwanafunzi wa fonetiki anayezichunguza irabu kwa vipimo vya sauti anatembea katika njia hiyo.

Mwaka wa 1871, akikaribia umri wa miaka 50, hatimaye alipata kile ambacho umaskini ulimnyima ujanani: kiti cha profesa wa fizikia, na Berlin kwenyewe. Mwaka wa 1883 mfalme alimpandisha daraja la ukabaila, ndipo neno von likaongezwa katika jina lake. Mwaka wa 1888 alianza kuongoza taasisi mpya ya dola ya fizikia na vipimo huko Charlottenburg. Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio, alikuwa mwanafunzi wake.

Huzuni nayo haikumwacha. Mwanawe Robert, aliyeanza kuifuata fizikia, alifariki mwaka wa 1889. Hertz aliaga dunia tarehe 1 Januari 1894 kabla ya kutimiza miaka 37. Helmholtz mwenyewe alikuwa amesafiri mwaka wa 1893 kwenda Chicago kuhudhuria mkutano wa umeme, na katika safari ya kurudi alianguka kwenye ngazi za meli. Mwezi wa Julai 1894 alipatwa na kiharusi, na tarehe 8 Septemba 1894 akafariki huko Charlottenburg akiwa na umri wa miaka 73. Kilichomuua kilikuwa damu kuvuja katika mishipa ya ubongo. Mishipa ya retina na ile ya ubongo ni ndugu kwa asili na kwa umbile, na watafiti wa leo huitazama ya jicho ili kupata fununu za hali ya ile iliyofichwa fuvuni.

Urithi Wake

Kioo cha Helmholtz kilionyesha mishipa, lakini damu yenyewe ikienda hakikuonyesha. Chembe za damu ni ndogo mno na hukimbia upesi. Mwaka wa 1961 nchini Marekani ilitangazwa mbinu ya kumdunga mgonjwa rangi inayomeremeta na kuipiga picha inapopita katika retina. Picha zilikuwa bora, lakini sindano ilirejea, na wapo wagonjwa wanaodhurika na rangi hiyo. Katika miaka ya 1970 wataalamu walianza kupima kasi ya damu ya retina kwa leza, bila sindano, kwa kulinganisha mwanga uliotumwa na ule uliorudi kutoka kwa chembe zinazokwenda.

Hatua iliyofuata ina historia inayomrudia Helmholtz. Mwaka wa 1880 Mmarekani kijana, Albert Michelson, alifika katika maabara yake mjini Berlin. Huko aliunda chombo kinachoupasua mwale wa mwanga kwa kioo cha mshazari, kikaipeleka miale miwili kwenye njia tofauti na kuikutanisha tena. Mitetemo ya barabara za Berlin ilimsumbua, kwa hiyo mwaka wa 1881 alikihamishia kituo cha unajimu cha Potsdam, mji aliozaliwa Helmholtz. Michelson alikuwa akiutafuta mwendo wa dunia angani. Miaka 110 baadaye, mwaka wa 1991, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kwa kanuni ya chombo hicho wameweza kuchora tabaka za retina, moja juu ya nyingine, kwa mwanga peke yake.

Kutokana na mbinu hiyo ilizaliwa nyingine, iliyoingia katika kliniki katikati ya miaka ya 2010, ambayo huonyesha mtiririko wa damu wenyewe. Mfano wake ni mtu anayepiga picha kadhaa za mto kutoka mahali pamoja. Mawe hayabadiliki, maji hubadilika. Mashine huchanganua sehemu ileile ya retina mara kadhaa kwa kitambo kifupi. Kilichobaki vilevile ni nyama tuli, na kilichobadilika ni damu inayokwenda. Kompyuta hukusanya mabadiliko hayo na kuchora ramani ya mishipa hadi ile iliyo myembamba kuliko yote. Ramani hiyo ina mipaka yake: haionyeshi mahali mshipa unapovuja, na kiasi cha damu kinachopita hakipimiki kwayo kwa urahisi. Hata hivyo mgonjwa hadungwi, hapasuliwi, na huondoka kama alivyokuja.

Mashine hizo ni ghali, na wengi wanaozihitaji wako mbali nazo. Kwa sababu hiyo inafaa kutaja kwamba katika miaka ya 2013 na 2014, huko Nakuru nchini Kenya, watafiti walijaribu kupiga picha za sehemu ya ndani ya jicho kwa simu ya mkononi iliyofungwa kifaa kidogo cha kuongoza mwanga, na wahudumu wasio wataalamu wa macho waliweza kukitumia. Kifaa hicho hufuata kanuni ileile ya mwaka wa 1850: mwanga na mtazamaji lazima wapite njia moja.

Maisha ya Helmholtz yanafunza kwamba maarifa makubwa si lazima yaanze na hazina kubwa. Yake yalianza na mwalimu aliyetaka kuwaeleza wanafunzi wake jambo dogo kwa ukamilifu, akakataa kuishia pale wengine walipoishia. Kabla yake, aliyetaka kujua siri za jicho alingoja kifo. Baada yake, siri hizo husomwa mgonjwa akiwa hai, wakati ambapo bado kuna la kufanya.